Mashine Iliyoombewa

Wiki iliyopita nilikuwa shambani kwangu Kibirichia, nimeinama napalilia waru, viazi vyetu vya milimani, simu ikalia mfukoni mwa aproni. Alikuwa Wanja, mwalimu wa hesabu katika shule moja upande wa Embu. Hakuniuliza habari za nyumbani wala za mvua.

"Madam, kompyuta inaniambia kuna toleo jipya la system. Nibonyeze ama nisibonyeze?"

Nimestaafu miaka minne sasa, na swali hilo bado linanifuata mpaka kwenye matuta. Ninyi vijana mnaoingia katika kazi hii ya kutunza kompyuta za watu, mtaulizwa hilo kuliko jingine lolote. Mkiwa wapya mtalijibu haraka. Mimi nililijibu haraka siku moja, mbele ya mwalimu mkuu, nikiwa na zaidi ya miaka ishirini kazini, na nusura niwaharibie mtihani watahiniwa kumi na mmoja. Kaeni niwasimulie. Mkinicheka sitawalaumu, hata mimi hujicheka.

Nilikuwa fundi wa kompyuta za shule, na eneo langu lilikuwa Meru na Embu. Leo niko Mikinduri, kesho Ishiara, keshokutwa narudi milimani na vumbi la kila mahali kwenye viatu. Mkoba wangu ulikuwa na bisibisi nne, flashi tatu, brashi ya kupakia rangi na mandazi. Msiidharau brashi. Kompyuta nyingi nilizoambiwa zimerogwa zilikuwa zimejaa vumbi tu, na nilizitibu kwa brashi ya rangi iliyouzwa duka la mbao.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Kaburu, ambaye alianza na taipureta kabla kompyuta hazijafika kwetu. Alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyeketi kamwe kwenye kiti cha mwenye ofisi. Akifika mahali akaambiwa, "Fundi, tuwekee ile mpya," hakugusa kitu. Alikuwa anauliza kwanza, "Ni nini kinakuuma?" Asilimia kubwa ya watu hawakuwa na kinachowauma. Walikuwa wameona mpya kwa jirani.

Lakini msinielewe vibaya mkadhani Mzee Kaburu alikuwa adui wa vitu vipya. Mara ya kwanza kunipeleka Mikinduri, tulimkuta karani wa shule ambaye alikuwa amekataa kila toleo jipya kwa miaka. Kila asubuhi kompyuta ilimwomba ruhusa, na yeye kila asubuhi alibonyeza "Baadaye" kabla ya kumimina chai. Alijivunia sana. Siku hiyo alikuwa amechomeka flashi iliyotoka duka la fotokopi karibu na soko la miraa, na virusi vikapita mlango ambao ulikuwa haujatiwa komeo miaka yote hiyo. Barua zake zote ziligeuka vijipicha vyenye mshale, visivyofunguka. Alikaa akiitazama skrini mikono imeshika mashavu.

Tulimrudishia nusu ya barua zake, na tukiwa njiani Mzee Kaburu akaniambia, "Gatwiri, huyu mama hakukosa kuamua. Kila asubuhi aliamua. Alikuwa tu haangalii anaamua nini." Nimelikumbuka neno hilo kila mtu akiniambia kwamba amekataa toleo jipya ili awe salama. Mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa na kuzipangia nyingine kazi, huzeeka. Walioutengeneza huacha kuziba nyufa zake. Kubaki nao nako kuna hatari yake, tena ya kimya kimya.

Mwalimu wangu wa pili hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Ni mama yangu mzazi. Ile mbegu ya waru inayoitwa shangi ilipofika Kibirichia, watu waliingiwa na wazimu. Jirani yetu alitoa mbegu yake yote ya zamani akaipika, akapanda shangi shamba zima. Mama alipanda mistari mitatu, karibu na jiko, mahali anapoweza kuiona akiwa mlangoni anakoroga uji. Mbegu ya zamani akaiweka kwenye kikapu, chumba cha giza, akafunika kwa gunia. Misimu miwili alipanda hivyo, mistari mitatu kisha sita, huku akiitazama ile mpya jinsi inavyopokea baridi ya kwetu.

Msimu wa kwanza tulitembelewa na wakwe watarajiwa wa dada yangu, watu wanane, bila taarifa, na nyumbani hakukuwa na waru wa kupika ila ule wa kikapuni. Shangazi yangu alishaanza kumenya. Mama alimnyang'anya kisu. "Mbegu haipikwi," alisema, na akatoka na karai kwenda kuomba kwa jirani. Wageni walingoja chakula mpaka wakaanza kuimba nyimbo za kanisani ili wasisinzie. Dada yangu alilia jikoni kwa aibu. Ndoa ilifungwa vilevile, na mpaka leo shemeji yangu akija kwetu hubeba waru wake.

Nilikulia na maneno hayo, mbegu haipikwi, na bado niliipika. Sasa nafika kwenye kosa langu.

Shule ninayoisema sitaitaja jina, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Ina kitengo cha wanafunzi wasioona. Wakati huo kitengo kilikuwa na kompyuta moja na printa moja ya breli, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Printa ya breli haina wino. Ina pini za chuma zinazogonga karatasi nzito kutoka chini mpaka inatoa nundu, na ikianza kazi ni mvua ya mawe juu ya mabati. Mwalimu wa darasa la jirani alikuwa akisimamisha somo mpaka imalize. Ilikuwa zawadi ya wageni fulani wa kanisa, na ilikuwa na umri mkubwa kuliko wanafunzi wenyewe.

Msimamizi wa kitengo alikuwa Mwalimu Ireri, mzaliwa wa Ishiara, ambaye haoni tangu utotoni. Alipiga chapa haraka kuliko mimi. Kompyuta yake ilimsomea skrini kwa sauti, na alikuwa ameiongeza mwendo hata mimi nikasikia mvumo tu, kama nyuki, huku yeye akicheka barua aliyosomewa. Watu aliwajua kwa nyayo. Siku moja aliniambia nikiwa bado mlangoni, "Madam Gatwiri, hivyo viatu vipya vinakubana." Vilikuwa vinanibana.

Mnajua siku ya maombi katika shule zetu. Kabla ya mtihani wa taifa wazazi huja, mchungaji huja, watahiniwa wote huinua kalamu juu ziombewe. Mwaka ule watahiniwa wasioona walikuwa kumi na mmoja, na badala ya kalamu waliinua mashine zao za kuandikia breli, chuma kitupu, mikono ikitetemeka kwa uzito kwa sababu mchungaji hakuwa na haraka. Mwalimu mkuu alikuwa ameamuru kompyuta ya kitengo na printa yake zitolewe nje pia, juu ya meza, kwenye nyasi. Mchungaji aliweka mkono juu ya skrini akaomba, "Bwana, ilinde na virusi vya kila aina, vinavyoonekana na visivyoonekana." Tukasema amina, na mimi sauti yangu ilikuwa juu, maana virusi nimevipiga vita miaka mingi.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu nilirudi na kazi. Kulikuwa na waraka kutoka juu kwamba mashine zote za shule zipandishwe hadi toleo jipya, kwa kuwa la zamani lingeacha kulindwa. Waraka ulitupa muda mpaka mwisho wa mwaka. Nilimwambia mwalimu mkuu ukweli kabisa: mtihani uko wiki tatu mbele, tungoje umalizike.

"Madam," alisema, "hii mashine imeombewa Ijumaa, wewe ukiwa hapa. Ama hukusema amina?"

"Nilisema."

"Sasa unaogopa nini? Endelea."

Ningeweza kukataa. Fundi ana haki ya kukataa, na Mzee Kaburu angekataa huku akitabasamu. Lakini shule hiyo ilikuwa ya mwisho kwenye orodha yangu, na Desemba nilitaka kuwa kwangu navuna. Uvivu ukakutana na amina, nikaketi. Mwalimu Ireri ambaye angenizuia hakuwepo. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha Mbeere na alikuwa ameomba ruhusa aende Ishiara kupanda ndengu, yaani choroko.

Kompyuta ikasema diski haina nafasi. Hapo ndipo mtu mwenye akili huondoka akarudi na diski ya nje, akachukua nakala ya kila kitu. Mimi niliangalia ni nini kikubwa kinachoweza kufutwa. Nikafuta masalia ya mfumo wa zamani. Nikafuta folda moja yenye jina refu la tarakimu, ambalo sikulitambua. Nikabonyeza. Nilikunywa chai na mandazi yangu asilimia zikipanda, na saa sita mchana mashine iliamka na picha nzuri ya ziwa na kunikaribisha kwa sauti tamu kuliko ya zamani. Nilifurahi. Nasema wazi ili mjue: kosa kubwa katika kazi hii mara nyingi huja na furaha.

Alasiri akaja Wanja, huyu huyu wa simu. Wakati huo alikuwa mmoja wa watahiniwa kumi na mmoja, msichana mrefu anayeongea taratibu, na alitaka kuchapa karatasi za marudio za hesabu. Alitafuta kitufe kwa kidole, akabonyeza. Akangoja kichwa kimeinama, kama wangojavyo watu waliozoea kusikia kwanza.

"Madam," akasema, "imenyamaza."

Nilikagua waya. Nikazima, nikawasha. Nikachomeka upande mwingine. Mfumo mpya ulisema hauijui printa hiyo, tena kwa adabu. Ili kompyuta izungumze na printa inahitaji kiprogramu cha kutafsiri kati yao, na kiprogramu hicho ndicho kilichokuwa ndani ya ile folda ya tarakimu. Nilikitafuta kwenye intaneti. Waliotengeneza printa walishaisahau zamani. Nilimpigia rafiki yangu fundi wa Nairobi, akacheka, kisha akasikia kwamba mimi sicheki, akaniomba radhi.

Mwalimu mkuu alikuja akasimama mlangoni. "Lakini iliombewa," alisema.

"Iliombewa isipate virusi, Mwalimu. Mimi ndiye sikuombewa."

Alitaka kucheka akajizuia, kwa sababu Wanja na wenzake walikuwa wameketi hapo kwenye benchi, mikono mapajani. Wenzao wanaoona walikuwa na marundo ya karatasi za marudio. Hawa walikuwa na masikio tu. Nikajaribu kutengeneza mambo. Nikawaambia, "Msijali, tutatafuta watu wa kuwasomea maswali kwa sauti."

"Historia sawa," Wanja alisema. "Lakini Madam, hesabu haisikilizwi. Inashikwa."

Hakuwa na hasira. Alinieleza kama unavyomweleza mgeni njia. Ukisomewa sehemu yenye mabano ndani ya mabano, alisema, mwisho ukifika mwanzo umeshapotea, lakini ikiwa chini ya vidole unarudi mwenyewe mara unazotaka. Yeye alikuwa ametegemea hesabu imfikishe chuo cha ualimu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini, na nilienda nikasimama nyuma ya matangi ya maji nikajifanya napiga simu.

Jumanne nzima nilifanya yale mafundi hufanya wakishikwa, yaani kurudia kile kile nikitarajia kingine. Jumatano kabla ya chai ya saa nne nikasikia fimbo ikigonga veranda. Mwalimu Ireri alikuwa amerudi, udongo mwekundu wa Mbeere kwenye viatu, mfuko wa ndengu begani. Alisimama mlangoni.

"Mbona hapa kuko kimya? Wiki ya revision?"

Nilimwambia yote. Sikuficha hata mandazi. Alisikiliza, kisha akaketi kitini mwake.

"Ile ya zamani ulifuta?"

"Nilifuta."

"Yote?"

"Yote, Mwalimu."

"Madam Gatwiri, kwani kwenu Kibirichia hamuwekangi mbegu?"

"Tunaweka," nilisema, na uso ukaniwaka.

"Sisi Ishiara tunawekanga kwa kibuyu, tunachanganya na majivu, tunaning'iniza juu ya moto. Mvua inaweza kukudanganya. Unapanda, inakataa, ndengu inakauka. Kama ulikula yote, hiyo ni shida yako na Mungu." Akainuka. "Kuja nikuonyeshe kitu. Beba ile brashi yako."

Alinitangulia mpaka stoo ya jikoni. Alipita katikati ya magunia bila kugusa hata moja, mimi nikijikwaa nyuma yake. Kule mwisho, nyuma ya maharagwe, akaondoa gunia tupu, na chini yake kulikuwa na kompyuta. Niliitambua. Ndiyo iliyokuwa ya kitengo miaka miwili nyuma, kabla hatujaletewa hii nyingine. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiondoa, na mbele yake, kwa kalamu nene nyeusi, niliandika: IMECHOKA. ITUPWE.

"Mwalimu," nilisema, "si niliandika hii itupwe?"

"Uliandika? Wapi?"

"Hapa mbele. Kwa herufi kubwa."

Akainama, akapitisha kiganja juu ya yale maneno, kutoka kushoto mpaka kulia, akarudia.

"Mimi sijaona kitu," alisema.

Nilicheka mpaka mpishi akaja kuangalia. Mwalimu Ireri alibaki ametulia, uso mkavu, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tuliibeba. Nilipoifungua ndani kulikuwa na maharagwe saba na kiota cha panya kilichofumwa kwa ratiba ya masomo. Niliisafisha kwa brashi nusu saa. Ilipopata umeme iliguna, ikanyamaza, ikaguna tena. Dakika tatu zilipita. Kisha ikaja ile picha ya zamani ya kilima cha majani, saa yake ikionyesha mwaka ambao sote tulishausahau, na sauti yake ya mkwaruzo ikaanza kusoma skrini kwa kasi ya nyuki.

"Huyo ni rafiki yangu," Mwalimu Ireri alisema.

Nikachomeka printa. Karatasi za Wanja tulizihamisha kwa flashi, baada ya kuikagua flashi hiyo mara mbili. Nilimwita Wanja abonyeze yeye, kwa sababu mimi mkono wangu niliuogopa. Alibonyeza. Hakuna kilichotokea, na nikainama kukagua waya. Kisha mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati.

Darasa la jirani mwalimu alisimamisha somo kama kawaida, ila safari hii darasa zima lilipiga makofi. Watahiniwa wengine walikuja wakifuata ukuta, wakajaa chumbani, kila mmoja anataka kuigusa printa ikitetemeka. Wanja hakungoja karatasi itoke yote. Aliidaka kwa viganja ikiwa bado inasukumwa, vidole vikienda pamoja nayo. "Swali la kwanza ni la sehemu," alitangaza, na wenzake wakalalamika kwa pamoja, kwa furaha. Mimi nililia kidogo, na kwa kuwa Mwalimu Ireri alisikia, alinisogezea ule mfuko wa ndengu akasema nichague za kupeleka nyumbani.

Mwalimu mkuu alikuja mbio. "Mmeona?" alisema. "Maombi yamejibiwa."

"Yalijibiwa miaka miwili kabla hatujaomba," Mwalimu Ireri alisema. "Yalikuwa stoo."

Mtihani uliisha, na baada ya hapo tulifanya ile kazi kama inavyopaswa. Mashine ya zamani tuliikata kabisa kwenye intaneti, kwa kuwa ina nyufa zisizozibwa, ikabaki na kazi moja tu ya kuchapa. Ile yenye toleo jipya ikaachiwa barua na mengine. Zilikaa meza moja muhula mzima tukiangalia nini kinakwama. Hiyo ndiyo mistari mitatu ya mama yangu. Nakala ya kila kitu, hata folda nisizozijua majina, hasa hizo, ikawekwa kwenye diski mbili. Moja ilibaki shuleni, na ya pili Mwalimu Ireri aliipeleka Ishiara. Sikuwahi kumuuliza kama aliitia majivu.

Tangu siku hiyo, kila nilipoulizwa kama mtu abonyeze, sikumsikiliza mwenye ofisi peke yake. Nilimtafuta mtu ambaye kesho mashine ikinyamaza ndiye atakayeumia, nikakaa naye, nikamwomba anionyeshe kazi yake ya asubuhi mpaka jioni. Hapo ndipo unapogundua kuna skana ya mwaka gani sijui, au mizani ya maabara imechomekwa nyuma ya kabati. Nilitazama kalenda pia. Wiki ya mtihani, wiki ya kufungua shule, na wiki ambayo fundi mwenyewe ana haraka ya kurudi nyumbani, hizo si wiki za kubonyeza. Maombi tuliendelea nayo kila mwaka na amina yangu haikupungua sauti, ila nakala niliichukua Alhamisi, siku moja kabla ya mchungaji.

Wanja alipita hesabu vizuri. Alienda chuo cha ualimu, akarudi kufundisha shule ile ile, na Mwalimu Ireri alipostaafu alimwachia kiti na funguo za stoo. Ndiyo maana aliponipigia simu wiki iliyopita na swali lake nilisimamisha jembe na kuanza kumhoji.

"Mtihani ni lini?"

"Umeisha Ijumaa ile ingine."

"Na ile printa mpya mliyoletewa, umeijaribu na hilo toleo?"

"Nimeijaribu na laptop yangu ya nyumbani, term nzima. Inachapa."

"Nakala?"

"Diski mbili. Moja iko hapa, moja iko kwa Mwalimu Ireri."

"Na ile ya zamani na printa yake?"

"Ziko stoo, nyuma ya maharagwe. Nimeweka karatasi juu, nimeandika zisiguswe."

"Umeandika kwa kalamu?"

"Kwa breli, Madam. Na kalamu pia, kwa sababu yenu."

Nilinyoosha mgongo. "Sasa, Wanja, kama yote umeyafanya, unaniuliza nini?"

Akacheka. "Nilibonyeza jana. Nilitaka tu kusikia ukiniuliza hayo maswali. Ngoja kidogo, usikate."

Nikasikia nyayo zake, kisha kiti, kisha akaisogeza simu mahali. Mawe yakaanza. Niliweka simu sauti ya juu nikaishika mbele yangu kwa mikono miwili, katikati ya waru. Jirani yangu, aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya ua, akasimama akatazama juu kwa muda mrefu, maana mbingu yote ilikuwa safi, hakuna wingu.

"Mama Mwenda, hiyo ni mvua?" aliniuliza, akiniita kwa jina la mwanangu kama majirani wote.

Nikamwambia aendelee kupalilia, ni watoto wanachapiwa hesabu.